Toronto hadi Tunduma kwa pikipiki: safari huanzia kwenye makaratasi

Mjini Toronto, ifikapo Novemba, pikipiki nyingi hufunikwa turubai, betri zikaondolewa, na wenyewe wakangoja theluji iyeyuke mwezi Aprili. Ni katika miezi hiyo ya kukaa ndani ndipo ramani hukunjuliwa mezani. Na kwa mtu aliyetoka Afrika Mashariki, ramani ya safari ndefu ina jambo ambalo halimo kwa mwenzake aliyezaliwa Kanada: moja ya barabara zile inaelekea nyumbani.

Makala haya yanaeleza matayarisho ya safari hiyo kwa mtu anayekwenda peke yake, kutoka Toronto hadi Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Habari za injini zitapewa nafasi ndogo. Injini ikifa, fundi hupatikana. Karatasi ikikosekana, mara nyingi msafiri hurudi alikotoka.

Waliotangulia

Safari za namna hii si jambo geni. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya aina ya Panther iliyokuwa na kigari cha ubavuni na tela nyuma. Injini iliwafia Sahara, wakakaa Agadez wakingoja nyingine kutoka Uingereza, na mwezi Julai 1935 wakaingia Cape Town.

Mwandishi Ted Simon aliondoka London peke yake tarehe 6 Oktoba 1973, siku ile ile vita vilipozuka baina ya Israel na majirani zake Misri na Syria, na Misri ilikuwa njiani kwake. Alizunguka dunia kwa muda wa miaka minne. Alipoirudia safari hiyo mwaka 2001, akikaribia umri wa miaka 70, alivunjika mguu nchini Kenya, akatibiwa, kisha akaendelea. Na mwaka 2022 Mnigeria Kunle Adeyanju aliendesha pikipiki kutoka London hadi Lagos kwa siku 41, akichangisha fedha za kupiga vita ugonjwa wa polio.

Njia ipi?

Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kwenda Afrika Mashariki ilikuwa ile ya mto Nile: Cairo, Aswan, Khartoum, Addis Ababa, kisha Moyale na kuteremka hadi Nairobi. Kipande kilichoogopwa kuliko vyote kilikuwa Moyale hadi Isiolo, karibu kilomita 500 za mawe na makunyanzi yaliyovunja springi za magari, pamoja na hofu ya majambazi. Kipande hicho sasa kina lami, kilichokamilishwa katika muongo wa 2010. Lakini barabara ilipokwisha kutengenezwa, Sudan ikafungika: tangu tarehe 15 Aprili 2023 vita vya majenerali wawili vimeifanya njia ya Khartoum isipitike kwa msafiri wa kawaida.

Upande wa mashariki nao una vikwazo vyake. Kanada ilifunga ubalozi wake mjini Tehran mwaka 2012, na raia wa Kanada haruhusiwi kuzunguka Iran bila kuandamana na mwongozaji. Njia ya kupitia Urusi imekuwa ngumu tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022.

Inabaki njia ya magharibi. Pikipiki husafirishwa kwa ndege au meli kutoka Kanada hadi Ulaya, huendeshwa hadi kusini mwa Hispania, huvuka bahari kwa kivuko hadi Morocco, kisha hufuata pwani: Mauritania, Senegal, Guinea, Ivory Coast, Ghana, Togo, Benin, Nigeria, Cameroon, Gabon, Kongo zote mbili, Angola, Namibia, Zambia. Ni mzunguko mrefu mno, na pia ni orodha ndefu ya viza.

Majira ndiyo yapangayo tarehe. Anayeondoka Toronto mwezi Septemba huikuta Sahara ikiwa imepungua makali, naye hufika ghuba ya Guinea wakati wa kiangazi cha huko, kati ya Desemba na Februari. Akichelewa, barabara za udongo za Gabon na Kongo hugeuka tope. Kusini hakuna haja ya haraka, kwani Tanzania kuna masika kuanzia Machi hadi Mei. Afadhali kuingia Tunduma mwezi Juni, na koti la Toronto lisitupwe njiani, maana Mbeya na Makambako mwezi huo kuna baridi inayomshangaza kila anayedhani kwamba Afrika yote ni joto.

Karneti ya forodha

Hati inayosumbua kuliko zote ni karneti ya forodha, jina lililotokana na Kifaransa. Msingi wake ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1954 kuhusu kuingiza vyombo vya usafiri kwa muda. Ni ahadi iliyoandikwa: chama cha waendesha magari kinaidhamini pikipiki yako kwamba itatoka katika kila nchi itakayoingia, na isipotoka, ushuru utalipwa. Ili kutoa dhamana hiyo, chama hudai amana au bima kutoka kwa mwenye chombo, na kiasi chake hutegemea thamani ya pikipiki na nchi zilizotajwa. Misri imewahi kufanya amana hiyo ipite bei ya pikipiki yenyewe. Hii ni sababu mojawapo ya kuchagua pikipiki ya bei nafuu.

Karneti hudumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande vitatu. Nchi inapoingiwa, afisa wa forodha hugonga muhuri na kukata kipande kimoja. Wakati wa kutoka, hukata cha pili. Kishina hubaki kikiwa na mihuri miwili. Kishina chenye muhuri mmoja tu ni deni. Afisa anayesema kwamba muhuri wa kutokea si lazima aombwe kwa adabu na kwa subira, hata kama jua linazama, mpaka augonge. Si nchi zote zinazodai karneti, na nyingine hutoa kibali cha muda mpakani. Hata hivyo, anayevuka zaidi ya nchi kumi hufanya vyema kuwa nayo.

Hapa pana tatizo ambalo Waafrika Mashariki hukumbana nalo zaidi ya wengine. Jina lililoandikwa kwenye karneti, pasipoti, kadi ya pikipiki na leseni sharti liwe moja, herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, wala hatuna jina la ukoo. Karani wa uhamiaji alipojaza fomu alichagua moja likawa la ukoo, na karani wa leseni akachagua jingine. Mohamed wa hati moja ni Muhammed wa hati ya pili. Ontario watu hawalitambui jambo hilo kwa miaka mingi. Forodhani Rosso, katika mpaka wa Mauritania na Senegal, linaweza kuwa mjadala wa siku nzima. Masahihisho yafanywe kabla ya karneti kuombwa. Nambari ya chesisi nayo isomwe kwenye chuma chenyewe, isinakiliwe kutoka karatasi nyingine.

Unasafiri kwa hati ya nani?

Mwenye pasipoti ya Kanada ana mambo mepesi, ingawa naye akumbuke anakokwenda. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya mwaka 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, hivyo Mtanzania aliyechukua uraia wa Kanada hafiki Tunduma kama raia.

Mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia afanye hesabu ya siku. Sheria inamtaka awe amekaa Kanada siku 730 katika kila miaka mitano ili aulinde ukaazi wake, na siku 1,095 katika miaka mitano kabla ya kuomba uraia. Safari ya mwaka mzima inazila siku hizo. Kadi ya ukaazi nayo isiishe muda akiwa Luanda, maana bila kadi hiyo, au hati maalum ya ubalozi, shirika la ndege halitampandisha.

Mambo ni mazito zaidi kwa aliyeingia Kanada kama mkimbizi. Hati yake ya kusafiria, yenye jalada la buluu, inatolewa kwa mujibu wa mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 na inafaa kwa nchi zote isipokuwa moja: ile aliyoikimbia. Maafisa wengine wa mipakani hawajapata kuiona hati hiyo, na viza zake huchukua muda mrefu, ziombwe mapema.

Lakini hatari kubwa ni kishawishi cha kuomba pasipoti mpya katika ubalozi wa nchi ya asili ili kurahisisha mambo. Kifungu cha 108 cha sheria ya uhamiaji na ulinzi wa wakimbizi kinasema kwamba mtu aliyerudi kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kuvuliwa ukimbizi. Tangu Desemba 2012, mtu akivuliwa ukimbizi kwa sababu hiyo hupoteza na ukaazi wa kudumu, hata kama ameishi Kanada kwa miaka mingi, ana nyumba na watoto shuleni. Kuchukua pasipoti ya zamani na kuitumia kunahesabiwa kuwa dalili ya kurudi chini ya ulinzi huo, hata kama safari yenyewe ni ya nchi ya tatu. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ilielekeza kwamba hali ya mtu izingatiwe, pamoja na kama alijua matokeo ya kitendo chake. Huo ni utetezi wa mahakamani. Usifanywe kuwa mpango wa safari. Akishakuwa raia wa Kanada, kifungu hicho hakimgusi tena.

Chukua mfano wa mtu aliyekimbia Burundi, ambaye uraia wake haujatoka. Anaweza kuendesha kutoka Rusumo hadi Kigoma kwa kupitia Nyakanazi, Kibondo na Kasulu, barabara inayoambaa na mpaka kwa mamia ya kilomita. Nchi yake itakuwa upande wa kulia muda wote. Mpaka asiuvuke, hata kwa saa moja, hata kwa msiba. Ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji, utafutwe Toronto kabla ya kununua hata tairi, una thamani kuliko kifaa chochote cha pikipiki.

Leseni, bima na sindano

Ontario hutoa leseni ya pikipiki kwa hatua: M1, ambayo mwenyewe huendesha mchana tu na nje ya barabara kuu za mwendo kasi, kisha M2, kisha M kamili. Aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa hukaa na M2 miezi 18, na asiyepitia miezi 22. Basi anayeanza leo anapanga safari ya miaka miwili ijayo. Leseni ya kimataifa hudumu mwaka mmoja, na lazima igongwe muhuri wa kundi la pikipiki.

Bima ya pikipiki ya Ontario haivuki Kanada na Marekani. Ulaya kuna kadi ya kijani. Zambia, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine kadhaa zinatambua kadi ya njano ya COMESA, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1986. Kwingineko bima hununuliwa mpakani.

Bima ya afya ya jimbo, OHIP, humtaka mtu asiwe nje kwa zaidi ya siku 212 katika kipindi cha miezi 12. Anayezidisha aombe ruhusa kabla ya kuondoka. Hata ikiwa hai, hulipa si zaidi ya dola 400 za Kanada kwa siku moja ya kulazwa ng'ambo. Bima ya safari haina budi, na isomwe mpaka maandishi madogo: nyingine haziwalipi wapanda pikipiki, nyingine hazilipi katika nchi ambayo serikali ya Kanada imewaonya watu wasiende. Cheti cha homa ya manjano, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote.

Chombo, na upweke

Kipimo cha pikipiki ya msafiri wa peke yake ni kimoja. Ipakiwe mizigo yote, ilazwe chini, kisha inuliwe na mtu mmoja. Ikishindikana uani, itashindikana matopeni. Pikipiki kubwa za kifahari hupendeza Toronto, lakini fundi wa bodaboda wa Tunduma au Kasulu anaijua injini ndogo isiyo na kompyuta, na sehemu zake zimejaa madukani. (Neno bodaboda lenyewe ni la mpakani: lilianzia Busia, kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda.)

Taabu ya upweke huonekana zaidi kwenye ofisi za mipakani kuliko porini. Msafiri yumo ndani akigongewa mihuri, na mali yake yote iko nje. Karatasi zikae mwilini, si kwenye sanduku. Pikipiki iegeshwe mbele ya mama lishe, chai inunuliwe kwanza, na aombwe kuitupia jicho. Aidha, mtu mmoja Toronto awe na ratiba, na pawe na makubaliano ni baada ya siku ngapi za kimya ataanza kupiga simu.

Na pale mpakani mwa Angola na Namibia, msafiri aliyezoea kuendesha kulia tangu Kanada ahamie kushoto. Ajali hutokea asubuhi ya pili, pale anapodhani amekwisha kuzoea.

Baada ya kufika

Pikipiki iliyoingia kwa karneti haiwezi kuuzwa Mbeya wala kuachiwa ndugu bila ushuru kulipwa na forodha kuandika hivyo. Ama inatolewa tena nchini, kwa mfano kwa meli kutoka Dar es Salaam, au inalipiwa. Karneti, ikiwa na mihuri yote, hurudishwa kwa chama kilichoitoa pamoja na uthibitisho wa mahali chombo kilipo. Chama kikisharidhika, amana hurejeshwa.