Hodhi la Ugonjwa: Istilahi Inayomwongoza Mchanjaji Milimani Uluguru

Katika elimu ya magonjwa ya wanyama, hodhi la ugonjwa ni jamii moja ya wanyama, au jamii kadhaa zinazogusana, au hata mazingira, ambamo kimelea cha ugonjwa huweza kudumu bila kukatika, na ambamo hutoka kuwafikia viumbe wengine ambao afya yao ndiyo inayokusudiwa kulindwa. Dhana hii ndiyo inayoamua sindano ya chanjo imchome nani, kwa kuwa ofisa mifugo anayepanda kutoka Morogoro mjini kwenda Kinole, Matombo au Mgeta, akiwa na boksi la baridi begani, hamfuati bweha porini wala nyegere katika shimo lake, bali huwachanja mbwa wa vijijini, ilhali mwenzake wa Uingereza huamka alfajiri kwenda kumchanja mnyamapori. Tofauti hiyo haitokani na uwezo wa fedha peke yake. Inatokana kwanza na jibu la swali la kitaalamu kuhusu mahali ugonjwa unapojihifadhi.

Waandishi wa Kiingereza huitaja dhana hii kwa neno lile lile wanalolitumia kwa bwawa la kuhifadhia maji. Mwandishi wa Kiswahili anayetafuta neno la kulingana nalo hukimbilia kwanza hifadhi, na mara nyingi husomeka kwamba wanyama fulani "wanahifadhi ugonjwa". Kitenzi hicho kinaeleweka katika sentensi, lakini nomino yake ina kasoro kubwa, hasa katika Mkoa wa Morogoro, wenye Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, sehemu ya Milima ya Udzungwa iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1992, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ya mwaka 2019, na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru inayofunika misitu ya juu ya milima hiyo. Mwanakijiji wa Mgeta anaposikia "hifadhi ya kichaa cha mbwa" hana budi kufikiria mpaka wa msitu, vigingi na askari wa wanyamapori, na papo hapo lawama ya ugonjwa huhamia kwa wanyama wa porini kabla ushahidi wowote haujatolewa. Istilahi inayomtangulizia msikilizaji hukumu isiyo sahihi haifai kutumika katika kampeni ya afya, hata ikiwa ni nyepesi mdomoni.

Neno bwawa lina picha nzuri kwa mkazi wa Morogoro, ambaye analifahamu Bwawa la Mindu linalopokea maji ya mto Ngerengere yashukayo Uluguru na kuyagawa mjini, lakini bwawa ni mahali palipo wazi machoni pa watu wote, wakati ugonjwa hujificha ndani ya miili. Neno hodhi linafaa zaidi kwa sababu mbili. Kama nomino, hodhi ni birika au chombo kikubwa cha kuwekea maji, ambacho hujazwa upande mmoja na kutekwa upande mwingine. Na kama kitenzi, kuhodhi ni kushika kitu na kutokiachia, kama isemwavyo kuhodhi ardhi au kuhodhi madaraka. Kimelea kilichohodhiwa na jamii ya wanyama kimeshikiliwa humo kizazi baada ya kizazi. Wingi wake ni mahodhi, na kutokana nalo hupatikana bila taabu maneno kama jamii hodhi na mnyama hodhi.

Ufafanuzi wa kisayansi unaotegemewa na wengi ulitolewa mwaka 2002 na Daniel Haydon, Sarah Cleaveland, Louise Taylor na Karen Laurenson, ambao waliona kwamba neno hilo lilikuwa likitumiwa ovyo kwa kila mnyama aliyewahi kukutwa na ugonjwa. Hoja yao ya msingi ni kwamba hakuna hodhi la ugonjwa kwa ujumla jumla. Kuna hodhi la ugonjwa fulani kwa jamii fulani inayolindwa, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa jamii lengwa. Ndani ya hodhi kunaweza kuwa na jamii inayoweza kuudumisha ugonjwa yenyewe pasipo msaada wa jamii nyingine, nayo ifaa iitwe jamii dumishi, na kunaweza kuwa na jamii ndogo zisizoweza kuudumisha kila moja peke yake lakini zinaweza zikiunganika. Kinachoitenga jamii dumishi na nyingine si ukali wa ugonjwa mwilini mwa mnyama mmoja mmoja, bali ni idadi ya wanyama, kasi ya kuzaliana kwao na namna wanavyokutana. Idadi ikiwa chini ya kizingiti fulani, mlolongo wa maambukizi hukatika wenyewe, kwa kuwa kila mgonjwa hufa au hupona kabla hajampata wa kumwachia.

Kichaa cha mbwa ni mfano ulio wazi, maana kirusi chake kinaweza kumwingia mnyama yeyote anyonyeshaye, awe ng'ombe, punda, fisi, bweha, nyegere au binadamu, na wote hao wakishaonyesha dalili karibu daima hufa. Kama kila anayeweza kuugua angehesabiwa kuwa hodhi, mchanjaji angelazimika kuchanja pori zima. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa na Tiziana Lembo na wenzake katika mfumo ikolojia wa Serengeti, ambako wanyama walao nyama ni wengi wa aina nyingi, ulionyesha mwaka 2008 kwamba virusi vilivyopatikana kwa wanyamapori vilikuwa vya ukoo ule ule wa mbwa, na kwamba mbwa wa kufugwa ndio jamii dumishi, wakati maambukizi ya wanyamapori yalikuwa vijito vifupi vilivyokauka upesi. Kwa hiyo kumchanja mbwa wa kijijini ni kumkinga pia mtoto wa shule, ng'ombe wa jirani na mbwa mwitu aliye hatarini kutoweka, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeguswa na sindano.

Hata hivyo jibu la ugonjwa mmoja halihamishiki kwa mwingine, na mahali pale pale Serengeti palitoa somo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaosababishwa na kirusi cha jamii ya surua, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wakachukuliwa kuwa chanzo, wakachanjwa kwa wingi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa kwa mbwa lakini haikuzuia kirusi kuendelea kuwafikia simba, ishara kwamba hodhi la distempa lina jamii nyingine za porini ndani yake. Mbwa ni wale wale na pori ni lile lile, lakini mahodhi ni mawili tofauti, na anayesema tu "mbwa ndio wanaoleta magonjwa" amesema jambo ambalo halimsaidii mpangaji wa chanjo.

Kazi yenyewe ya kulikausha hodhi la kichaa cha mbwa inaonekana vizuri katika vijiji vya miteremko ya Uluguru, ambavyo nyumba zake hazikukusanyika bali zimetawanyika juu ya matuta na mabonde, kila moja na mashamba yake ya migomba, mahindi au mboga, na karibu na msitu mbwa hufugwa kulinda mazao dhidi ya nyani, ngedere na nguruwe pori. Tangazo hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, shuleni na katika nyumba za ibada, kisha siku ya kazi meza huwekwa chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, na wanaowaleta mbwa mara nyingi ni watoto, wakiwa wamewafunga kwa kamba ya katani. Mchanjaji humtaka mwenye mbwa ashike kichwa, hulifunga domo kwa kipande cha kitambaa pale mnyama anapohangaika, huinua ngozi legevu ya shingo kwa vidole viwili, huingiza sindano chini ya ngozi hiyo na kusukuma mililita 1 ya dawa, kisha huandika cheti. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kumtuliza mnyama, na ustadi mkubwa wa mchanjaji umo katika utulivu wa mikono yake, kwa kuwa mbwa mmoja akibweka kwa hofu foleni nzima hutawanyika.

Lengo linalowekwa na Shirika la Afya Duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika kila kampeni, na idadi hiyo huwashangaza watu wanaodhani kinga haina maana isipokuwa kila mmoja ameipata. Katika utafiti wa Katie Hampson na wenzake kuhusu Serengeti na Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2009, mbwa mwenye kichaa alionekana kuambukiza kwa wastani wenzake wachache, kati ya mmoja na wawili, na hivyo ugonjwa hukosa njia pale ambapo kati ya asilimia 20 na 45 ya mbwa wana kinga. Asilimia 70 huwekwa kwa sababu mbwa wa vijijini hufa wakiwa vijana na kuzaliwa wengine wengi, hivi kwamba kiwango cha kinga hushuka mwezi hadi mwezi, na panatakiwa akiba ya kutosha ili kisianguke chini ya kizingiti kabla ya kampeni ya mwaka unaofuata. Hapo ndipo linapojitokeza kosa la kuwaacha nyumbani watoto wa mbwa kwa kudhani ni wadogo mno kuchanjwa, ilhali wao ndio mlango mkuu ambao kupitia huo hodhi hujazwa tena.

Milima yenyewe huongeza ugumu. Chanjo hii hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, utaratibu unaoitwa mnyororo baridi, na kijiji kisicho na umeme kilicho mwendo wa saa nyingi kwa miguu kutoka barabarani kiliweza kuachwa kwa sababu ya kukosa barafu tu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba aina moja ya chanjo iliyotunzwa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye nyuzijoto 30, iliwapa mbwa kinga sawa na ile iliyotoka kwenye jokofu, na ugunduzi huo ukafungua njia ya kutunza dozi kijijini katika vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji, ili mhudumu wa hapo hapo achanje mwaka mzima pasipo kusubiri gari. Kwa maeneo kama Uluguru faida yake ni kubwa kuliko ya kampeni nyingi za siku moja.

Kinyume cha kumwacha mnyamapori na kumchanja mbwa kinapatikana Uingereza kwa melesi, mnyama aliye wa familia moja na nyegere, ambaye anaweza kuitwa hivyo kwa kufuata jina lake la kisayansi la Meles meles. Mwaka 1971 melesi aliyekufa huko Gloucestershire alikutwa na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, na tangu hapo imebishaniwa sana ni nani anamwambukiza nani kati yake na ng'ombe. Nyegere huishi zaidi peke yake na kutembea mbali, hivyo hana mkusanyiko wa kuudumisha ugonjwa wa namna hiyo. Melesi huishi kwa makundi ndani ya mashimo ya pamoja yanayorithiwa kwa vizazi, wakilala wamebanana, na maisha hayo yanafaa sana kwa bakteria anayesafiri kwa pumzi. Kwa sababu hiyo chanjo ya kifua kikuu iitwayo BCG, aliyopewa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921, iliidhinishwa mwaka 2010 kutumika kwa melesi. Mchanjaji huweka mitego ya vizimba karibu na mashimo, huwazoesha wanyama kwa karanga kwa siku kadhaa, kisha huitega jioni na kuirudia alfajiri. Kila aliyenaswa huchomwa sindano ya msuli akiwa bado kizimbani, hukatwa nywele kidogo na kupakwa rangi ili asichomwe tena kesho yake, na kuachiwa. Kwa kuwa ng'ombe nao huambukizana wenyewe kwa wenyewe, hodhi hapo ni la jamii mbili, na kuchanja upande mmoja tu hakulikaushi.

Huenda hodhi la jamii mbili si jambo la ng'ambo pekee. Kati ya takriban mwaka 2010 na 2015 ulifanyika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania na kisiwani Pemba, uliogusa pia baadhi ya wilaya za Mkoa wa Morogoro, na ufuatiliaji uliofanywa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye chimbuko lake mkoani humo humo, ulikuta Lindi na Mtwara sehemu kubwa isiyo ya kawaida ya wanyama wenye kichaa wakiwa ni bweha. Ugunduzi huo hauwaondoi mbwa katika nafasi yao, lakini unamtaka mchanjaji aendelee kuhesabu mizoga ya porini pamoja na kung'atwa kwa watu, kwa sababu ikiwa bweha wanarefusha mlolongo wa maambukizi, basi kampeni za mbwa zitahitaji miaka mingi zaidi bila kukatizwa.

Pemba ilionyesha upande mwingine wa istilahi hii. Baada ya mbwa wa kisiwa kuchanjwa, ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukarejea mwaka 2016 kwa virusi ambavyo nasaba yake iliwapeleka watafiti bara. Jamii ya mbwa wa Pemba ni ndogo, na hodhi lake lilikuwa limebaki ng'ambo ya mkondo, likiunganishwa na kisiwa kwa mbwa wachache waliovushwa. Chanjo ilirudiwa kisiwa kizima, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 ugonjwa ukawa umekwisha tena.