Maji ya Barghash na Mfereji wa Bibi Harusi wa Babati

Bibi harusi wetu mmoja ameolewa Babati, kule Manyara, na salamu zake za kwanza hazikuwa za baridi wala za viboko wa Ziwa Babati. Zilikuwa za mfereji. Asubuhi ukifungua, anasema, maji yanatoka kama uzi, na bafu la juu halipati tone mpaka watu walale. (Wenyeji wake mfereji wanauita bomba. Ukiwaambia mfereji wanakuonyesha mtaro!) Fundi kamshauri anunue pampu aifunge moja kwa moja kwenye bomba linalotoka mtaani. Tukamwomba asubiri kidogo, tumsimulie kwanza habari ya maji ya mji wetu.

Mji Mkongwe uliishi kwa visima. Mwaka 1869 kipindupindu kikaingia Unguja, kikaendelea hadi 1870, na watu kwa maelfu wakafa. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi hapa, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikachapishwa London mwaka 1876. Oktoba 1870, mji ukiwa bado na kilio, Sayyid Barghash akashika utawala. Huyu alikuwa amewahi kupelekwa uhamishoni Bombay, akaona mji mkubwa unavyoendeshwa. Ndiye aliyeyavuta maji ya Chemchem, nje ya mji, yakaingia mjini, na wanawake waliozoea kamba na ndoo wakapata maji safi karibu na milango yao.

Mfereji wa namna ile unategemea kimo: chanzo kiwe juu, mji uwe chini. Presha ya maji nayo ni hivyo hivyo. Kila mita 10 za kimo huleta bar 1. Tangi lililo mita 3 juu ya bafu lako linatoa bar 0.3 tu, na ndiyo maana bafu la ghorofani, lililo karibu kabisa na tangi la paani, huwa na maji dhaifu kuliko jiko la chini. Babati imekaa chini ya mlima Kwaraa, unaopita mita 2,400, lakini mlima haukusaidii kuoga. Kinachokusaidia ni kimo cha tangi lililounganishwa na bomba lako, ukitoa kinacholiwa njiani na urefu wa bomba, wembamba wake, kutu, na midomo yote inayokunywa kabla yako.

Na midomo imeongezeka. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Hesabu ilikuwa ya ndoo na kituo cha pamoja. Hakuna aliyefikiria bafu la mvua, choo cha kuvuta na mashine ya kufulia ndani ya nyumba moja. Babati yenyewe ilikuwa chini ya Mkoa wa Arusha hadi 2002, ulipozaliwa Mkoa wa Manyara, ikawa makao makuu. Mji wa njiani ukapata ofisi, watumishi na nyumba za kupanga.

Sasa ile pampu. Ukiifunga kwenye bomba la mtaani inavuta maji ya jirani, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba bomba likivutwa kwa nguvu linakuwa na mnyonyo ndani, na pale lilipopasuka, tope na maji ya vyoo yaliyoko nje yanaingia. Ugonjwa alioandika Christie unapita humo humo, mpaka kwenye birika la udhu. Na ugomvi wa aliye juu na aliye chini ni wa zamani: Zubayr (r.a.) na jirani yake walifika kwa Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya mfereji wa Harra, na Zubayr, aliyekuwa juu, akaelekezwa amwagilie kisha amwachie jirani.

Kwa hiyo tulimwambia hivi. Kwanza afungue kichwa cha bafu na vichujio vya mifereji, aviloweke kwenye siki. Mara nyingi chokaa ndiyo mwizi. Amwombe fundi aangalie koki ya kwenye mita kama imefunguka yote, na bomba la kuingilia: la robo tatu inchi lina nafasi zaidi ya mara mbili ya la nusu inchi. Kisha anunue tangi la lita 1,000, aliweke chini uani, lenye boya la kufunga maji likijaa. Usiku mji ukilala, presha hupanda yenyewe. Pampu sasa ivute kutoka tangi lake, ipandishe paani. Hapo hakumdhulumu mtu.

Masomo mnaoandika orodha za vyombo vya harusi, tangi liingie kabla ya kabati la vikombe.

Juzi katuandikia. Tangi lilijaa saa nane usiku, na aliyeamka kusimama uani kusikiliza maji ni mama mkwe.