Faili ndogo inayotunza vitufe vya Excel

Pale ambapo tarakilishi moja inategemewa na watu kadhaa, iwe ni katika afisi ya shule huko Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, au kwenye kituo cha kupimia majanichai, lalamiko moja halikosi: vitufe vimetoweka. Karani anayejumlisha kilo za majani huondoa vitufe asivyovihitaji, na mwalimu anayemfuata akiwa na alama za mtihani hukuta mwambaa wa zana asioutambua. Lawama huelekezwa kwa virusi. Kwa kawaida virusi havihusiki hata kidogo.

Mpangilio wa vitufe hauhifadhiwi ndani ya jedwali lenyewe. Katika matoleo ya Excel yaliyotangulia lile la 2007, uliwekwa katika faili ya pekee ambayo jina lake huishia kwa .xlb. Toleo la 2002 liliiita Excel10.xlb, na la 2003 Excel11.xlb. Katika Windows XP faili hiyo hukaa ndani ya Documents and Settings, chini ya jina la mtumiaji, kisha Application Data, Microsoft na Excel. Kabrasha la Application Data hufichwa, hivyo sharti kwanza Windows iamriwe kuonyesha vilivyofichwa.

Kwa kuwa kila jina la mtumiaji lina faili yake, wote wanaoingia kwa jina moja hurithi mabadiliko ya mwenzao. Dawa ni kumfungulia kila mmoja jina lake.

Excel huandika faili hii inapofungwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, vitufe vilivyopangwa siku hiyo hupotea, ingawa mpangilio wa awali hubaki.

Faili ikiharibika, Excel huweza kukwama inapofunguliwa. Mafundi wengi hukimbilia kuiondoa programu na kuiweka upya, kazi ambayo huenda isisaidie kitu, maana faili mbovu hubaki katika kabrasha la mtumiaji. Yafaa kuifunga Excel, kuibadilisha faili jina, tuseme Excel11.zamani, kisha kuifungua programu tena. Vitufe vitarejea vilivyokuwa kiwandani, na faili mpya itaundwa. Alama za wanafunzi na kilo za wakulima haziguswi.

Anayehamia tarakilishi nyingine anaweza kuinakili faili hiyo, mradi toleo la Excel ni lilelile. Tahadhari moja: kitufe kinachoendesha makro hubeba anwani ya makro tu, si makro yenyewe. Jedwali lenye makro lisipokuwa mahali pake pa zamani, kitufe kitabonyezwa bure.

Toleo la 2007 liliondoa miambaa ya zamani na kuleta utepe. Vitufe vichache vya njia ya mkato vilihifadhiwa katika Excel.qat, na kuanzia toleo la 2010 katika Excel.officeUI. Toleo hilo la 2010 pia lilimwezesha mtumiaji kuutoa mpangilio wake kama faili na kuuingiza kwenye mashine nyingine bila kupekua makabrasha. Lile la 2003 lilikoma kupokea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, kwa hivyo anayelitumia bado asiliunganishe na intaneti.