Chemirocha: Sauti ya Kapkatet iliyozunguka dunia

Chemirocha ni wimbo wa Wakipsigis uliorekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, katika eneo la majani chai la Kericho. Aliyeurekodi ni Hugh Tracey, mtafiti aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika (ILAM) nchini Afrika Kusini mwaka 1954.

Jina hilo ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake ziliwafikia wenyeji kupitia gramafoni. Kwa kuwa walisikia sauti bila kumwona mwenyewe, walimsawiri kama kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Tracey alirekodi matoleo matatu. Lililovuma zaidi ni la tatu, ambamo Chemutoi Ketienya anaimba na wasichana wenzake huku kinubi kikipigwa.

Kwa miongo mingi, sauti hizo zilijulikana zaidi ughaibuni kuliko kwao. Mwaka 2015 nakala za rekodi hizo zilirejeshwa Kapkatet, na baada ya miaka 65 wimbo ukasikilizwa tena na jamii iliyoutunga.