Kofia ya shilingi kumi na sumuni

Itazame picha ya karamu ya chai aliyoichora John Tenniel kwa ajili ya Alice's Adventures in Wonderland, kitabu kilichotoka London mwaka 1865. Mtengeneza Kofia amekaa mezani na kofia ndefu kichwani, na kwenye kofia hiyo kimechomekwa kikaratasi chenye bei: 10/6. Hiyo ni shilingi kumi na peni sita, au kama wangesema wazee wetu waliozishika sarafu za zamani, shilingi kumi na sumuni. Mwandishi wa kitabu, Lewis Carroll, hakukitaja kikaratasi hicho popote alipoisimulia karamu ile. Utani ni wa mchoraji: mfanyabiashara amealikwa chai, naye amekuja na bidhaa yake kichwani.

Mwaka 1890 Carroll mwenyewe alikitoa upya kitabu hicho kwa watoto ambao hawajajua kusoma, akakiita The Nursery Alice. Mara hii hakukipita kikaratasi. Alimweleza mtoto kwamba bwana huyu anauza kofia, kwamba hata hiyo aliyoivaa inauzwa, na kwamba tarakimu zile ndiyo bei yake. Kichekesho kilichozaliwa kwenye picha kikaingia kwenye masimulizi.

Wanaoandaa matoleo ya watoto wadogo kutoka vitabu vikubwa vya vichekesho wangefaa kuianza kazi yao na kikaratasi hicho. Mazoea ni kukata: ondoa sura ndefu, ondoa maneno magumu, kisha bandika picha ili ukurasa upendeze. Kitabu kinachopatikana kwa njia hiyo huwa chepesi, lakini hakichekeshi. Historia ya Alice inaonyesha njia nyingine, ambayo mwandishi mwenyewe aliipita akiwa hai.

Daftari la Oxford

Jina halisi la Carroll lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford. Tarehe 4 Julai 1862 yeye na rafiki yake Robinson Duckworth walipiga makasia Mto Thames wakiwa na mabinti watatu wa mkuu wa chuo: Lorina, Alice na Edith Liddell. Ili kuwachangamsha njiani, Dodgson alibuni hadithi ya msichana aliyemfuata sungura hadi ndani ya shimo. Alice, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, alimwomba amwandikie.

Alisubiri zaidi ya miaka miwili. Novemba 1864 alikabidhiwa daftari lililoandikwa kwa mkono, likiwa na picha 37 alizochora Dodgson mwenyewe. Hakuwa mchoraji hodari, na alilijua hilo. Hata hivyo hakuweza kuifikiria hadithi hiyo bila picha. Ndiyo maana mwanzoni kabisa Alice anaonekana amechoshwa na kitabu anachosoma dada yake, kwa sababu hakina picha wala mazungumzo.

Maandishi yalipopelekwa kwa mchapishaji Macmillan yalikuwa yamekaribia kuongezeka maradufu. Paka wa Cheshire, ambaye hutoweka na kuacha tabasamu lake hewani, hakuwemo kwenye daftari. Karamu ya chai nayo haikuwemo. Sura hizo mbili, ambazo leo watu huzikumbuka kuliko nyingine zote, ziliingia hadithi ilipotoka mikononi mwa familia moja na kuelekea kwa umma.

Mchoraji mwenye kura ya turufu

Tenniel alikuwa mchoraji wa Punch, jarida la vichekesho lililosomwa sana Uingereza. Jicho lake moja lilipofuka kwa ajali ya mchezo wa panga ujanani. Kazi yake ya kila wiki ilikuwa kuwachora wanasiasa katika hali za kuchekesha bila mkono wake kuyumba, na ukavu huohuo wa uso aliuleta kwenye kitabu cha watoto. Katika picha zake 42 hakuna mhusika anayecheka ili kumwonyesha msomaji kwamba hapa ni pa kucheka. Sungura ana koti na saa, naye anaitazama saa hiyo kwa wasiwasi wa karani aliyechelewa kazini.

Michoro ilichongwa juu ya vipande vya mbao na ndugu wa ukoo wa Dalziel, mafundi waliotajika London. Nakala 2,000 za kwanza zilipotoka kiwandani Oxford, Tenniel alilalamika kwamba picha zimechapwa vibaya. Dodgson alikuwa amekubali kugharimia uchapaji kutoka mfukoni mwake, na hasara ingemwangukia yeye. Hata hivyo alizirudisha zote. Karatasi hizo ziliuzwa kwa kampuni ya Appleton ya New York, na kitabu kikachapwa upya kwa mchapaji mwingine.

Kitabu cha pili, Through the Looking-Glass, kilitoka mwaka 1871. Rasimu yake ilikuwa na sehemu ya nyigu aliyevaa nywele za bandia. Tenniel alimwandikia Dodgson kwamba sehemu hiyo haimvutii hata kidogo na haoni namna ya kuichora. Iliondolewa. Katika kitabu hichohicho Alice anapenya kioo cha ukutani: upande mmoja wa karatasi amechorwa akiingia, na ukifunua upande wa pili wa karatasi ileile unamwona akitokea ng'ambo. Karatasi yenyewe imegeuzwa kioo. Maneno peke yake yasingeweza kuufanya mchezo huo.

Kitabu cha kutikisa

Mafanikio ya matoleo hayo ndiyo yaliyomtia Dodgson hamu ya kuwafikia watoto wadogo zaidi. Katika dibaji ya The Nursery Alice aliwataja kuwa ni wale wa kuanzia umri wa sifuri hadi miaka mitano. Alichagua picha 20 kati ya zile 42. Zilikuzwa, zikatiwa rangi na Tenniel, kisha zikachapwa na Edmund Evans, fundi aliyesifika kwa vitabu vya watoto vya rangi. Mwaka 1889 nakala 10,000 zilikuwa tayari. Dodgson alizitazama akasema rangi zinawaka mno. Alikataa ziuzwe Uingereza, zikapelekwa kutafutiwa wanunuzi Marekani, na kazi ikaanza tena. Kwa mara ya pili katika maisha ya kitabu hicho, shehena nzima ilikataliwa kwa ajili ya picha.

Masimulizi yalipunguzwa hadi kiasi cha robo ya kitabu cha awali. Mashairi mengi yalikwenda na maji. Hayo yalikuwa dhihaka kwa mashairi ya maadili ambayo watoto wa Kiingereza walikaririshwa, na dhihaka humfaa anayekijua kinachodhihakiwa. Mtoto wa miaka minne alikuwa bado hajachoshwa na mashairi ya darasani, hivyo asingeona raha ya kuyasikia yakipotoshwa.

Nafasi ya mashairi ilichukuliwa na michezo ya mkono na jicho. Kwenye picha ya Sungura, mtoto anaambiwa mnyama huyu anatetemeka, na kama anataka kumwona akitetemeka basi akitikise kitabu kidogo. Kwenye Paka wa Cheshire, kurasa zilipangwa kwa hesabu: mtoto akiikunja pembe ya karatasi, paka mzima anaondoka machoni, na Alice anabaki akilitazama tabasamu. Mtoto asiyejua herufi hata moja ndiye anayemfanya paka apotee. Kwa mtu wa hisabati aliyependa mafumbo, hilo lilikuwa jibu kwa swali gumu: utamchekeshaje kwa kitabu mtu asiyesoma? Mpe kazi.

Kitabu hicho kina kasoro zake. Msimuliaji humuuliza mtoto maswali kila baada ya sentensi mbili tatu, na mahali pengine hufafanua kichekesho hadi kinachuja. Kimewahi kuonekana kuwa ndugu mnyonge wa kile cha 1865, na kwa upande wa lugha hukumu hiyo ni ya haki. Kwa upande wa matumizi ya picha, matoleo mengi ya leo bado yako nyuma yake.

Baada ya mwaka 1907

Haki miliki ya maandishi ilikwisha Uingereza mwaka 1907, na mwaka huohuo zilitoka Alice kadhaa mpya, mojawapo ikiwa na picha za Arthur Rackham. Tenniel alikuwa bado hai, mzee wa miaka 87. Tangu hapo kila kizazi kimemchora Alice wake, na wachapishaji wameufupisha mkasa huo kwa kila namna. Mwaka 1951 filamu ya Disney ilimvika gauni la bluu, na watoto wengi duniani humjua kwa gauni hilo. Katika The Nursery Alice gauni lake ni la manjano.

Kiswahili nacho kiliingia mapema katika mkondo huo. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, alitafsiri kitabu cha kejeli cha Jonathan Swift, kikatoka kama Safari za Gulliver mwaka 1932. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya St Lo de Malet. Picha za Tenniel zilichorwa upya, na Elisi akawa msichana wa Kiafrika. Mtu aliyefanya uamuzi huo alitambua kwamba mtoto huanza kuisoma hadithi kwenye picha. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, msomi wa Kitanzania, alikitafsiri kitabu upya kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Hatuna upungufu wa vichekesho vyetu wenyewe. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid. Katika simulizi za pwani yetu akageuka Abunuwasi, mjanja anayewashinda wafalme na matajiri. Hatuna uhaba wa jicho la kutazama katuni pia: wasomaji wa gazeti la Taifa Leo nchini Kenya walicheka kwa miaka mingi na Juha Kalulu wa Edward Gitau, na kichekesho chake kilikuwamo kwenye mkao wa mwili kabla hakijafika kwenye maneno.

Chukua kisa cha Abunuwasi aliyeazima sufuria kwa jirani. Aliirudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Siku nyingine akaazima tena, hakurudisha, akasema imekufa. Toleo la kawaida la watoto lingekisimulia kisa hicho kwa sentensi fupi, kisha likaweka picha ya mzee mwenye kilemba na funzo chini ya ukurasa. Mwenye kufikiri kama Dodgson angempa mtoto ukurasa wa kufunua ili aikute sufuria ndogo yeye mwenyewe. Angeuchora uso wa jirani mara mbili, siku ya uzazi na siku ya msiba, kurasa zikitazamana, halafu angenyamaza. Mtoto wa miaka minne angecheka bila kuelezwa tamaa ni nini, na funzo lisingekuwa na haja ya kuandikwa.

Kazi hiyo haidai mashine za ghali. Inadai mchoraji aitwe mezani siku ya kwanza, kabla maandishi hayajafungwa, alipwe kama mshiriki, na apewe haki ya kusema kwamba sehemu fulani haichoreki. Mara nyingi kwetu mchoraji huletewa maandishi yaliyokwisha pamoja na orodha ya picha zinazotakiwa, kisha jina lake huwekwa kwa herufi ndogo ukurasa wa ndani. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaweza kuanza kurekebisha hilo kwa kuliandika jina hilo kwenye jalada, sambamba na la mwandishi. Nanyi wazazi, mnapomfungulia mtoto kitabu cha kuchekesha, msiharakishe kufunua ukurasa kwa sababu nyinyi mmemaliza kusoma. Yeye bado anasoma picha.