Dunia katika Sinia la Mchanga

Neno mchezo katika Kiswahili limebeba dharau kidogo. Tukitaka kueleza uzito wa jambo twasema kwamba si mchezo. Na asiyetimiza wajibu wake twamwambia kuwa anachezea kazi. Aliyelelewa katika lugha hii huona taabu kuamini kwamba mchezo wa mtoto waweza kuwa kazi, tena kazi nzito ya moyo. Katika makala haya nitaeleza jinsi daktari mmoja wa Uingereza, Margaret Lowenfeld, alivyolishika jambo hilo, na kwa nini latuhusu sisi wanafunzi wa lugha.

Lowenfeld alizaliwa London mwaka 1890, akahitimu udaktari mwaka 1918. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikwenda kufanya kazi Ulaya ya Mashariki, miongoni mwa watu walioteswa na vita, maradhi na njaa. Aliporudi kwao aliona kwamba nyuso za baadhi ya watoto wagonjwa zilifanana na nyuso alizoziacha huko. Akajiuliza: mtoto ataulizwaje habari ya jambo ambalo yeye mwenyewe hana maneno ya kulisemea?

Mwaka 1911 mwandishi H. G. Wells alikuwa ametoa kitabu kidogo, Floor Games, juu ya michezo aliyocheza sakafuni na wanawe. Lowenfeld alikikumbuka kitabu hicho. Akakusanya vijiti, karatasi za rangi na vikorokoro vingine katika sanduku, nalo watoto wakaliita sanduku la maajabu. Mwaka 1928 alifungua kliniki ya watoto magharibi mwa London. Mwaka uliofuata kliniki ilihamia nyumba nyingine, yakawekwa masinia ya mchanga, maji, na kabati lenye saraka zilizojaa sanamu ndogo za watu, wanyama, nyumba na miti. Haikupita miezi mingi watoto wakaanza, pasipo kuamriwa, kuzitoa sanamu kabatini na kuzipanga mchangani. Kile walichokijenga wakakiita dunia.

Istilahi hiyo, basi, haikutungwa na wataalamu. Ilitoka vinywani mwa watoto, na daktari akaipokea. Nami naifasiri kwa neno dunia, wala si ulimwengu, kwa kuwa dunia ndiyo twaishi ndani yake pamoja na adha zake.

Hapo palizuka hitilafu ya kitaalamu. Melanie Klein, aliyehamia London mwaka 1926, aliuchukua mchezo wa mtoto kuwa sawa na maneno ya mgonjwa mtu mzima, akamfunulia mtoto maana aliyoiona imefichika ndani yake. Lowenfeld aliikataa haraka hiyo. Kwake dunia ilichorwa karatasini kama ilivyo, na mtoto akaombwa aieleze mwenyewe. Maana ilitafutwa katika dunia nyingi za mtoto yule yule, si katika kamusi iliyokwisha kuandikwa. Hoja yake, aliyoieleza katika maandishi yake, yafaa kufikiriwa na kila mwanaisimu: usemi hupanga neno baada ya neno, lakini hofu, hasira na mapenzi humjia mtoto kwa pamoja. Katika sinia, simba aweza kulala ndani ya nyumba ya mama, na mambo mawili yasiyopatana yakasemwa kwa mara moja.

Mimi naelemea upande wa Lowenfeld. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni nilionja hali ya kuwa na neno moyoni na kukosa lugha ya kulitoa. Walionisaidia ni wale walioningoja. Walionimalizia sentensi zangu walinifunga kinywa zaidi, ijapokuwa nia yao ilikuwa njema.

Mwaka 1956 Dora Kalff wa Uswisi alikwenda London kujifunza kwa Lowenfeld, kisha akaanzisha njia yake mwenyewe ya mchezo wa mchanga, iliyoenea nchi nyingi. Lowenfeld alifariki mwaka 1973.

Si kila kijumba cha mchanga pwani kwetu ni dalili ya maradhi. Aghalabu ni furaha tupu. Lakini mtoto mwenye huzuni akinyamaza tunapomwuliza ana nini, tusiseme kwamba hakujibu. Tumpe mchanga au kalamu, tuketi karibu naye, wala tusifanye haraka kutafsiri.