Daftari la Hospitali na Jeraha Lisilofika Polisi

Mtu aliyepigwa chupa usiku, akashonwa hospitalini na kurejea nyumbani kimya, anaingia katika hesabu ya nani? Huwauliza wanafunzi wangu swali hili tunapojadili historia ya takwimu za serikali. Kwa muda mrefu hakuingia popote, kwani dola ilihesabu ukatili kwa majalada ya polisi, na polisi huandika yale tu yaliyowafikia.

Nchini Uingereza, Jonathan Shepherd, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, alianza kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1980. Alilinganisha kumbukumbu za hospitali na za polisi, akabaini kwamba sehemu kubwa ya waliotibiwa baada ya kushambuliwa hawakuwa wamefahamika kwa polisi. Wapo walioogopa kisasi, wapo wasiomjua mshambuliaji, na wapo waliochelea mienendo yao wenyewe isichunguzwe.

Jijini Cardiff, ugunduzi huo ulizaa utaratibu mwepesi. Karani wa mapokezi katika idara ya dharura humwuliza majeruhi: ni mahali gani hasa, saa ngapi, kwa silaha gani? Majina huondolewa, kisha taarifa hupelekwa kwa polisi na halmashauri ya jiji, nao hupanga doria na kuzibana baa zinazotajwa mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la BMJ uliilinganisha Cardiff na miji 14 inayofanana nayo: idadi ya waliolazwa kwa majeraha ya ukatili ilikuwa pungufu kwa asilimia 42 kuliko katika miji hiyo.

Msomi mwenzangu atasema hayo ni ya matajiri. La hasha. Jijini Kampala, Dk. Olive Kobusingye na wenzake walianzisha rejesta ya majeruhi hospitalini katika miaka ya 1990. Kipimo chao cha ukubwa wa jeraha kilitumia umri, shinikizo la damu, upumuaji, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Kalamu na muuguzi makini vilitosha.

Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi majeruhi amezoeshwa kutangulia polisi kuchukua fomu ya PF3 ndipo atibiwe. Fomu hiyo ina kazi yake mahakamani, sikatai. Lakini mke aliyepigwa na mumewe, akijua kwamba kusema kweli ni kufungua kesi, hujibu kwamba aliteleza bafuni. Daftari huandika alivyosema, na mpango wa wilaya hujengwa juu ya uongo huo.

Rai yangu kwa watumishi wa umma ni kwamba tutenganishe kuhesabu na kushtaki. Rejesta ya dharura iongezewe safu tatu: mahali, saa na chanzo cha jeraha. Muhtasari usio na majina ufike halmashauri kila mwezi, na madiwani waulizwe wamefanya nini nao.